Ziwa Alikopikia Baba

Mtoto wa kaka yangu mdogo alinipigia simu mwezi uliopita. "Tata, wikendi tunaenda kempu," akasema, maana ndivyo anavyomwita shangazi yake. "Kuna ziwa fulani ndani ya msitu, huko juu ya Manyatta. Huwezi amini ni hapa tu Embu. Wewe kuja, tent tuko nayo." Akaanza kunieleza njia, na kabla hajafika nusu nilikuwa nimeketi kitandani. Ziwa hilo nalijua. Nililijua kabla baba yake hajaanza kutambaa. Nilimwambia nitakuja, nikabaki na simu mkononi mpaka uji ukaungulia jikoni.

Ngoja nikueleze wewe, maana yeye angeniuliza kama nina picha.

Baba yangu alikuwa mpishi. Kabla ya uhuru aliwapikia wazungu waliokuwa wakienda kupumzika kwenye ziwa hilo, mahali palipokuwa na vibanda vya mbao, meko ya mawe na uwanja mdogo wa nyasi wa kusimamishia mahema. Walipoondoka, hakuna aliyepahitaji tena. Funguo zilibaki kwa askari wa msitu, ambaye alikuwa rika la baba, na baba akapata kazi katika jiko la shule moja ya bweni mjini. Hiyo ilikuwa kazi ya heshima. Alivaa viatu vya ngozi, na kanisani alikaa mbele.

Lakini nyumbani hakugusa mwiko. Kuwapikia watu kwa mshahara kulikuwa kazi kama kazi nyingine. Kumpikia mke wako kulikuwa kukaliwa naye kichwani, na mwanamume aliyekaliwa hakuwa na pa kuuficha uso kijijini kwetu. Kwa hiyo baba, aliyejua kuoka mkate kwa makaa matupu, aliketi uani kama wanaume wenzake akingoja githeri ya mahindi na maharagwe. Mama alirudi kutoka shambani na mzigo wa kuni mgongoni, kamba imemkata paji la uso, mtoto tumboni, akainama kupuliza moto. Baba alikuwa akimtazama. Nilikuwa mdogo lakini niliona jinsi alivyokuwa akimtazama.

Kisha ikaja Agosti, shule zikafungwa, na baba akatupeleka ziwani.

Majirani walitucheka sana. Mtu ana nyumba ya mabati, anaiacha akalale msituni na nyati? Baba aliwajibu kwamba hata serikali huenda likizo. Tuliondoka asubuhi na mapema katika ile baridi ya Agosti inayoingia mpaka kwenye meno, mama akiwa amebeba mzigo mgongoni na baba ametangulia na fimbo, kama ilivyopasa. Tulipita mashamba ya chai tukisalimiana na wachumaji. Tulipoumaliza mstari wa mwisho wa chai na miti mikubwa ikatufunika, baba alisimama, akageuka, akamvua mama ile kamba kichwani na kuutwaa mzigo wote begani. Sisi watoto tulifurahi tu kwamba sasa mama angeweza kutushika mikono.

Ziwa lenyewe halikuwa kubwa. Mtu akikohoa upande ule, ulimsikia. Maji yalikuwa meusi kwa vivuli vya miti, na asubuhi ukungu ulikaa juu yake mpaka jua lilipopanda. Mbega waliunguruma juu ya miti hata mdogo wangu akakimbilia chini ya blanketi. Nyasi zililowa, hema tuliloachiwa na wazungu lilinuka moshi wa miaka mingi, na tulichota maji kwa kuvunja kwanza ule utando wa majani juu yake.

Siku ya kwanza mama hakujua aweke wapi mikono yake. Aliketi juu ya gogo, akainuka, akashika ndoo. Baba akamnyang'anya. "Kaa chini," alisema. "Hapa jiko ni langu." Akawasha moto, akakanda unga, akaufunika ndani ya sufuria na kupanga makaa juu ya kifuniko. Harufu ya mkate ule sijaipata popote tena, na nimekula mikate ya Nairobi. Alipika supu ya mifupa na viazi. Alipika kastadi ya manjano, ambayo mama aliiita uji wa wagonjwa hadi alipoionja, halafu akaramba sahani. Kilipoiva chakula, baba alitundika taulo kwenye mkono wake, akainama mbele ya gogo kama kwa wake wa wazungu na kusema, "Memsahib, chakula tayari." Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Kicheko kile hakikuwa chake cha nyumbani. Nyumbani alicheka amefunika mdomo.

Hivyo ndivyo tulivyoishi Agosti kadhaa. Mwaka mzima mama alifanya kazi kama punda, na mwaka mzima, nadhani, alikuwa akilingoja ziwa lile na unga ule na mume yule aliyekuwa wake huko tu. Mtu akikuambia wazee wetu hawakujua mapenzi, mwambie hajawahi kufika pale.

Agosti ya mwisho, jirani yetu alipotelewa na mtamba wake. Alifuata nyayo msituni asubuhi nzima, zikamleta mpaka ziwani. Akamkuta baba amepiga magoti mbele ya meko, akigeuza chapati, na mama kwenye gogo, miguu ameilaza juani. Jirani alitusalimia vizuri tu. Alikunywa chai. Alipoondoka, baba aliendelea kupika, lakini hakumwita mama memsahib tena.

Jumapili kijiji kizima kilikuwa na habari. Nje ya kanisa wanaume walimuuliza baba kama leo ataosha vyombo au nepi. Mzee mmoja wa kanisa, mtu mzito asiyependa utani, alimtikisia kichwa, na hilo nadhani lilimuuma kuliko vicheko. Nyanya, mamake baba, alikuja kwetu jioni, akakataa kiti, akamwambia mama, "Mwanangu nilikupa akiwa mwanamume." Mama akainamisha kichwa, akamwekea chai. Baba alikuwa uani na alisikia kila neno. Alikaa kimya. Nilimchukia kwa kimya kile, nami bado sijui kama nimeacha.

Agosti iliyofuata mama alifua mablanketi mapema. Alilianika hema kwenye ua, akalishona palipochanika. Baba alipita hapo mara kadhaa. Mwishowe akasema, "Mwaka huu kuna kazi ya kahawa." Mama akasema, "Ni sawa." Akalikunja hema. Mwaka uliofuata alilianika tena, na tena, kisha mwaka mmoja hakulianika, na hakuna aliyelitaja.

Nilisoma, nikawa mwalimu, nikaolewa Runyenjes. Mama aliendelea kubeba kuni. Aliposhikwa na uvimbe wa koo tulidhani ni homa, na tulipofika hospitalini tuliambiwa tumechelewa. Akarudishwa nyumbani. Chakula kilikuwa hakipiti, ila vijiko vya uji.

Siku moja akina mama wa kanisa walijaa uani wamekuja kumwona. Baba alivua koti lake, akakunja mikono ya shati, akaingia jikoni kwa mama mchana kweupe. Alikanda unga. Alipanga makaa juu ya kifuniko. Hakuna aliyecheka, na mama mmoja alisogeza tu kiti chake ili baba apate nafasi ya kuchukua kuni. Mkate ulipoiva aliukata, akaupeleka kitandani akiwa ameushika kwa mikono miwili.

Mama alitia kipande mdomoni. Baba akamsimamia pale.

"Umeiva?"

"Umeiva," mama akasema.

Baba alipotoka kuleta chai, mama alikitoa kile kipande kwenye leso, kizima, akanipa. Akanitazama. Nikaficha leso mfukoni, na baba aliporudi nikamwambia mama amekula. Hakufika Agosti.

Basi nilienda kempu na hao watoto. Vibanda havipo. Majani yamelila ziwa karibu nusu, na mbega nilimsikia mmoja tu, mbali. Kijana mmoja alikuwa amefunga aproni akikaanga vitunguu huku mkewe amelala kwenye kiti cha kukunja akichezea simu, na hakuna hata mtu mmoja aliyegeuka kuwatazama. Niliwaonea wivu hadi nikaona aibu. Nilienda kando ya maji nikalia, nikawaambia ni moshi.

Baba naye ameshafariki. Lakini baada ya kumzika mama, nilimkuta ameketi peke yake uani, nikamuuliza kile ambacho sikuwahi kuthubutu. Kwa nini tuliacha kwenda ziwani?

"Watu walikuwa wanacheka," akasema.

"Watu gani, baba?"

"Watu tu, hawa wa hapa."

Akaanza kuwahesabu kwa vidole, kama mtu anayetaka kunithibitishia. Yule jirani wa mtamba, alikuwa amekufa. Yule mzee wa kanisa. Alikuwa amehamia kwa watoto wake Mwea zamani sana, na hatukujua kama yu hai. Mamake mwenyewe, tuliyemzika kabla sijaolewa. Akashika kidole kingine, akafikiri. Akafikiri sana. Alibaki ameshika kidole kile bila jina la kukipa, na nikamwona baba yangu akilia kwa mara ya kwanza maishani mwangu.

Miaka yote ile ziwa lilikuwa palepale, mwendo wa asubuhi moja kutoka mlangoni petu. Tungeweza kwenda.