Karanga za Mwalimu Mkuu

Mwaka 1969, nikiwa na miaka tisa, baba alifariki kule Mlali nikaacha shule darasa la pili. Nilichunga, nikauza mkaa, na biashara huria iliporuhusiwa nikanunua kompyuta na printa, nikafungua chumba cha kuchapa hapa Makole. Kijana niliyemwajiri alichapa. Mimi kusoma kunanishinda, ila sikumwambia mtu.

Mwalimu Neema wa shule ya jirani alileta mtihani wake tuuchape. "Shikamoo mzee. Kurasa zilizoharibika uzichome moto, tafadhali."

"Mwalimu, hapa siri haitoki!"

Nikaifungia kompyuta kabatini kwa kufuli mbili, maana nilijua mtihani unakaa ndani ya mashine. Zile kurasa zenye madoa ya wino niliona hasara kuzichoma. Nikampa mke wangu, anafungia karanga anazouza karibu na shule.

Wiki mbili baadaye nikasikia Neema kasimamishwa kazi, eti kauza mtihani. Nikavaa koti, nikabeba karanga za zawadi, nikaenda kumtetea. Nilimkuta ofisini kwa Mwalimu Mkuu.

"Mwalimu Mkuu, huyu binti hana kosa. Mashine yangu ina kufuli mbili!"

Akamimina karanga mezani, akanyoosha karatasi iliyozifunga, akanigeuzia. "Mzee, hebu nisomee hapa."

Nikaishika, nikayatazama madoa ya wino.

Neema akaanza kulia. "Mzee wangu, si nilikuambia uzichome?"

Hakurudishwa kazini.

Leo nina kompyuta nne, nyumba ya vyumba sita, ng'ombe kumi na mmoja, na pipa la kuchomea karatasi.