Pete ya Mahari ya Mama

Tangu utotoni naambiwa nina kimuhemuhe, na siku ile Ukunda sikuwaangusha walionisema. Baba alikuwa amenituma kwa sonara na pete ya Mama, likazwe jiwe lililokuwa likicheza. Binti yangu alikuwa anaolewa wiki hiyo, na babu yake alitaka avae mahari ya bibi yake.

Jiwe hilo tulikua nalo. La kahawia, limejaa vimetameta kama mchanga wa Diani saa sita za mchana. Kila mgeni aliambiwa na Baba kwamba ni jiwe la Yemen, alilinunua kwa baharia Mombasa akampa Mama mahari.

Sonara alivaa lenzi yake jichoni, akakohoa.

"Mama, hiki ni kioo. Kimeyeyushwa kiwandani pamoja na shaba. Jiwe la Mungu halimeremeti sawasawa hivi kila upande."

"Tazama tena."

Akatazama tena. Nilimchukia bure, maskini. Akalikaza, akanirudishia.

Sikwenda nyumbani moja kwa moja. Niliingia duka la leso, nikatoka. Nikaagiza chai, nikaiacha mezani. Mahari ni haki ya mwanamke, na Mama aliahidiwa jiwe akapewa kioo! Nilimkasirikia Baba, nikamwonea huruma, nikamkasirikia upya. Tena angeniuliza sonara amesemaje, na mimi uongo haunikai mdomoni.

Nilipofika Bongwe nilipitia uani. Mama alikuwa juu ya mbuzi, anakuna nazi.

"Shikamoo, Mama. Ile pete..."

"Kioo," akasema, wala hakuinua uso. "Nilijua tangu fungate. Nilikwenda kwa sonara mwengine."

"Na hukudai haki yako?"

"Nilimsamehe, Mungu shahidi. Babako hakunidanganya, mwanangu, yeye ndiye aliyedanganywa. Alikata miwa msimu mzima kwa ajili ya hicho kioo. Leo umwambie nini? Funika kombe mwanaharamu apite."

Barazani, Baba alikuwa ameshanyoosha mkono.

"Sonara amesemaje?"

Uani, mbuzi ikanyamaza.

"Amelikaza, Baba. Halitoki tena."

Akaipokea pete, akaitoa juani, akaigeuza huku na huku, uso umemkunjuka.

"Unaona linavyowaka? La Yemen hilo."

"Naona, Baba."

Nazi ikaanza kukunwa tena.