Pikapu Nyuma ya Nyumba ya Mama

Niwaambie mwenyewe kabla hamjasikia kutoka kwa watu wa kijijini kwetu Kilema, maana wao huongeza chumvi. Tangu serikali iruhusu biashara huria, kila Krismasi wenzetu hupanda kutoka Dar na magari ya mtumba, wakitutimulia vumbi mama na mimi, msomi wake, tukienda misani kwa miguu. Mwaka jana nikaapa kuifufua pikapu ya marehemu baba, iliyokuwa ikiozea nyuma ya nyumba, ili mama naye aende misani amekaa mbele.

Kila Jumamosi nilipanda kutoka Moshi mjini na vipuri. Nikakwangua kutu, nikabadilisha injini, nikapaka rangi ya bluu. Jirani yetu, Mzee Aloisi, akaniuliza, "Mwalimu, hii itapita wapi?"

"Gari hupita barabarani, mzee," nilimjibu, nikawacheka watu wasiosafiri.

Asubuhi ya Krismasi injini ikanguruma. Majirani wakapiga vigelegele. Mama akapanda, kitenge kipya mwilini. Nikazunguka pembe ya nyumba kwa madaha, kisha nikakanyaga breki.

Mbele yetu, kwenye njia pekee ya kutokea, kati ya ukuta wa jiko na masale ya Mzee Aloisi, mimea ya mpaka ambayo Mchagga hang'oi, lilikuwa kaburi la baba. Mahali hapo nilipachagua mimi, nikalijengea marumaru nyeupe ili wapita njia walione.

Mama akalitazama kaburi, akanitazama mimi. "Haya, mwanangu. Shuka umwambie baba yako asogee kidogo."