Siku Tulipowapeleka Akina Mama kwenye Kinu cha Nyuklia

Nilipokata simu nilipiga yowe kwenye korido ya shule, pale Tensta, pembezoni mwa Stockholm, mpaka mwalimu wa hesabu akachungulia kuuliza kama nimefiwa. Nikamwambia nimepata ziara! Watu wa kinu cha nyuklia, huko pwani, mwendo wa basi kutoka Stockholm, walikuwa wamekubali kuwapokea wanafunzi wangu wa darasa la tisa pamoja na wazazi wao, Jumamosi moja ya Januari. Na kahawa wangetupa. Akacheka, akasema na yeye anakuja.

Ilikuwa mwishoni mwa mwaka 2009. Nilikuwa nikifundisha Kiswahili jioni, baada ya masomo mengine, kwa watoto waliozaliwa Uswidi au waliofika wakiwa wadogo, wengi wao wa familia za Kongo mashariki. Mimi ni mtu wa Tanga, na Kiswahili changu kiliwachekesha sana. Walisema naongea kama redio. Tulielewana hivyohivyo.

Chanzo cha ziara hii kilikuwa binti mmoja, mrefu, mkimya, aliyebeba vitabu vya fizikia vya maktaba mpaka mkoba ukachanika. Alitaka kwenda sekondari ya juu kusoma sayansi ili baadaye awe mhandisi wa nyuklia. Mama yake, aliyekuwa akifanya usafi hospitalini, alitaka asome uuguzi. Uchaguzi wa masomo ulitakiwa kufanywa kabla Februari haijaisha, na bila saini ya mama hakuna kitu. Binti akaniomba nikaseme naye.

Nilikwenda kwao, mtaa wa jirani wa Hjulsta, na hoja zangu zote. Mama akaniwekea chai na sambaza, vile vidagaa vya ziwani, za kukaanga alizoletewa kutoka Bukavu, akaniacha niongee mpaka nikaishiwa.

"Mwalimu, nimekusikia," akasema. "Lakini ile moto haionekane. Inaingia tu mu mwili. Mutoto wangu akienda kule, atazala? Bajukuu bangu batatoka wapi?"

"Men mamma!" binti akadakia, yaani "Lakini mama!", akaanza kueleza kwa Kiswidi, haraka, mikono ikiruka. Ndivyo walivyoishi: mama anauliza kwa Kiswahili, binti anajibu kwa Kiswidi, na nusu ya jibu inapotea njiani. Mama alikijua Kiswidi cha kazini kwake, si hiki cha fizikia. Hata mimi niliambulia kidogo tu. Nikasema, kwa ujasiri wa mtu asiyejua anaahidi nini, kwamba twendeni wote tukaone kwa macho.

Jamani, nilivyoifurahia kazi ile! Nilipiga simu, nikazungushwa idara hadi idara, nikarudia maelezo yangu ya Kiswidi hadi nikayakariri. Nilipata basi. Nilipokea masharti: viatu vya kufunika vidole, kamera zibaki nyumbani, kila mgeni aje na kitambulisho, majina yatumwe mapema ili yakaguliwe. Usiku nilikuwa najiona nimeshasimama mbele ya kinu chenyewe. Kilichonishinda ni wazazi tu. Hawakukubali kwenda kwa watu mikono mitupu. Nikawaambia tunakwenda kwenye kinu cha umeme, hatupeleki posa. Maandazi yakakaangwa, ndoo nzima.

Mama wa yule binti alikataa katakata, mpaka siku ya mwisho ya kutuma majina. Jioni akanipigia.

"Andika na miye," akasema, akakata kabla sijashukuru.

Nilirukaruka jikoni. Majina ya wengine nilikuwa nimekwisha kuyanakili kutoka kwenye rejista ya shule. Lake nikaliongeza palepale kwa furaha, nikatuma.

Siku yenyewe theluji ilikuwa nyeupe mpaka macho yanauma, na basi lilijaa nyimbo na harufu ya iliki. Pale langoni mlinzi, mwanamke mpole mwenye nywele za mvi, alichukua vitambulisho kimoja kimoja. Alipofika kwa mama yule akatazama karatasi yake ya majina, akatazama kitambulisho, akatazama karatasi tena. Akaniita.

Hapo ndipo nilipoelewa. Kwetu mwanamke akishazaa, jina lake linawekwa kando, anaitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Huyu nilikuwa nimemjua kwa miaka. Nimekula kwake, nimemsalimia kila sikukuu, na sikuwahi kulisikia wala kuliuliza jina lake. Basi nilikuwa nimewaandikia watu wanaolinda moto wa nyuklia neno "Mama", na baada yake jina la binti. Kwenye kitambulisho hakukuwa na hata neno moja lililofanana na hayo.

Nilieleza mila yetu yote, kwa mikono na miguu. Mlinzi alisikiliza vizuri, akasema ni mila nzuri sana, na mama hawezi kuingia. Jina lisilokaguliwa halivuki. Niliona aibu, nikaona na hasira, na hasira yote ilikuwa juu yangu mwenyewe.

Binti akasema kwa Kiswidi kwamba basi na yeye haingii. Mama akamsukuma begani.

"Enda. Enda uone."

Wengine waliingia wakiongozwa na mwalimu wa hesabu. Mimi nilibaki na mama kwenye jengo la wageni. Kinu nilichokiota majira yote yale sikukiona hata mlango. Palikuwa na mfano wake mdogo ndani ya kioo. Mama aliutazama mara moja, akaketi, akanipa andazi.

"Kula, Mwalimu. Usiweke sura ya matanga."

Nilikula, lakini halikupita vizuri. Nilikuwa nimemleta mtu huyu mbali hivyo ili woga wake uishe, na sasa alikuwa amekaa na woga uleule, akitazama theluji dirishani.

Waliporudi, binti alikuwa mbele, mashavu yakimeremeta, akimwaga Kiswidi kabla hajafika mezani. Mama akainua mkono.

"Miye sikuone. Nielezee."

Binti akavuta chupa ya kahawa na vikombe vya kuonyeshea, akaanza kwa Kiswahili, taratibu, cha kuokoteza.

"Mama, ni maji. Ile moto inachemusha maji. Inatoka mvuke, inazungusha mashine kubwa, kubwa sana, na mashine inatoa umeme. Maji ya bahari inapita hapa, kando, kupoza. Haiguse ile ingine." Alipokwama alinitazama, nikamtupia neno, akaendelea. "Na wakati ya kutoka, banatupima. Mwili yote. Tuko safi."

Mama alivisogeza vikombe karibu. "Na banamuke, ulibaona mule?"

"Ule alitutembeza ni mwanamuke. Nilimuuliza kama alizaa mbele ya kuanza kazi hapa ao nyuma."

"Uliuliza mutu mukubwa vile?"

"Nilikuulizia weye," binti akasema. "Alicheka. Batoto bake bote, nyuma ya kuanza kazi."

Mama akamfuta binti yake sukari ya andazi kidevuni, mbele za watu, na binti hakukwepa. Nilisimama nikajifanya naongeza maziwa, kwa sababu nilikuwa nalia kwa furaha na sikutaka kuonekana.

Ndani ya basi, kabla hatujaufikia mji, mama alitoa simu akampigia dada yake Bukavu. Aliongea kwa sauti ambayo hata dereva aliisikia.

"Dada! Mutoto wangu atasomea umeme ya atomu! Non, non, haiue batu, ni maji tu. Inachemuka, halafu ile mvuke..." Akasita, akakuna kichwa, akageuka nyuma. "Ngoja. Minakupa ingénieur mwenyewe."

Binti, mhandisi mwenyewe, akaipokea simu kwa mikono miwili, akamwamkia mama yake mkubwa, akaanza upya, kuanzia kwenye maji.