Mnara wa Mirija

Niliondoka Chepsaita asubuhi, mavuno yalipoisha, nikapanda trela la trekta lililokuwa likipeleka mahindi Eldoret. Dereva aliniuliza naenda wapi. Nikamwambia nitajua nikifika.

Mjini nikaona foleni ya vijana wenye suti nje ya lango la kampuni ya vyakula vya mifugo. Mimi foleni siwezi kuipita bila kujua mbele yake kuna nini. Nikasimama nyuma.

"Mzee, hata wewe?" aliuliza kijana wa tai ya kijani, akitazama gambuti zangu.

"Kuna nini?"

"Wanatafuta kiongozi wa kikundi, huko ghalani."

Alikuwa na digrii ndani ya bahasha ya kaki. Begi lake, aliniambia, liko tayari mlangoni kwake: akikosa hapa, kesho anarudi Bungoma kukata miwa na ndugu yake, ambaye humwita "profesa" na hamaanishi vizuri.

Askari wa lango alinipima kutoka juu hadi chini. "Ingia, mdosi. Labda ndio wewe mwenye kampuni."

Ndani, madam wa HR alitueleza kwamba siku hizi hawaajiri karatasi, wanaajiri mtu. Bahasha zikashushwa chini ya viti. Tukagawanywa sita sita, tukapewa mirija ya soda na selotepu tujenge mnara. Yeye na mwenzake wangetazama nani anaongoza.

Katika kikundi chetu watano waliongoza papo hapo. "Wewe shika hapa! Wewe wacha!" Tai ya Kijani alitoa amri mpaka koo likamkauka. Mnara ulianguka kila mara, maana hakukuwa na mtu wa kushika chini. Mimi sikuwa nimetia kitu mdomoni tangu nitoke Chepsaita, na macho yangu yalikuwa kwenye birika la chai pale mezani. Nilisema neno moja tu: "Lakini huu mnara ni wa nini?"

Madam akaandika haraka.

Baadaye aliniita pembeni. Nina utulivu, alisema, nasikiliza watu, nauliza kiini cha jambo. Nafasi ni yangu.

"Madam, shule niliachia darasa la sita."

"Vizuri sana. Tunaangalia uwezo."

"Na sikai mahali zaidi ya msimu mmoja."

"Wepesi wa kubadilika," alimwambia mwenzake.

Dirishani nilimwona Tai ya Kijani ameketi kwenye ngazi, bahasha magotini, chai yake inapoa bila kuguswa.

"Basi kama mimi ndiye kiongozi," nikasema, "naanza kwa kumpa yule kijana kazi hii. Halafu naenda."

Wakanong'onezana. Nilidhani nimewaudhi. Kumbe kugawa madaraka ni kipaji kinachotafutwa sana, na wenyewe hawajakiona tangu waanze kukitafuta. Wakamwita, wakampa kazi.

Jioni alinipeleka kwake mtaa wa Pioneer, chumba kimoja nyuma ya duka la mama mmoja wa kutoka Nyeri. Begi lilikuwa bado mlangoni, tukaliruka. Akabandika chai kwenye stovu, akanitandikia blanketi mbili sakafuni.

"Utalala hapa mpaka uchoke, mzee."

Kisha akavuta kiti mbele yangu, tai bado shingoni.

"Sasa nyamaza tena vile ulinyamaza pale. Nataka kuona macho unayafanya aje."

Nikanyamaza, nikaitazama sufuria.