Uwatu Kichwani, Manjano Usoni

Mwaka wa tisini na mbili nilikuwa na uso wa kukaangia mayai, na sisemi uongo. Nikijifuta asubuhi, kabla ya adhuhuri nang'aa tena kama sinia. Hilo ningelivumilia. Balaa lilikuwa juu yake: nywele za mbele zilikuwa zinakatika, zinabaki kwenye kitana, na juu ya paji la uso palikuwa na upaa wa ukubwa wa kifuniko cha soda. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, na ndoa yangu ilikuwa baada ya wiki tatu.

Utasema, binti wa Kiislamu wa mtaa wa Biryogo ana wasiwasi gani, si anajitanda ushungi? Ngoja kwanza. Ukoo wetu una desturi, walikuja nayo babu zetu waliotoka pwani na mabunda yao ya nguo. Siku tatu kabla ya ndoa, wanawake wa upande wa bwana harusi wanakuja, bibi harusi anakalishwa mkekani, ushungi unatolewa, na kila mmoja anachovya kidole kwenye mafuta na kumpaka kichwani. Kila mmoja! Na wifi yangu mkubwa, ambaye mdomo wake mtaa mzima wa Kimisagara unaujua, alikuwa ameshatangaza dukani, watu wanasikia, kwamba kaka yake anaoa kipara. Kwa hiyo siku hiyo ingemthibitisha, au ingemfunga mdomo.

Baba yangu alikuwa fundi cherehani, na vitambaa alivinunua mjini kwa familia moja ya Kihindi. Nyuma ya duka aliketi mama yao mwenye duka, mzee sana, nywele zake nyeupe zimeshuka mpaka kiunoni. Nikasema moyoni, huyu anajua kitu. Nikamwendea, nikiwa na shangazi yangu.

Aliweka vidole vitatu kwenye mshipa wa mkono wangu, akafumba macho. Akataka aone ulimi. Kisha akaniuliza nakula nini. Nikamtajia bila aibu: sambusa, brosheti za nyama, pilipili kwa kila kitu.

"Wewe iko na joto mingi ndani," akasema. "Joto napanda, nachoma mizizi ya nywele. Mafuta ya uso pia ni joto ile ile."

Alisema kwao tiba hiyo inaitwa Ayurveda, na haitaki pupa. Niache pilipili na vya kukaanga, nile matango na maboga. Usoni nipake unga wa dengu na mwarobaini, na manjano kidogo tu, nchani mwa kijiko. Kichwani, uwatu uliolowekwa na kusagwa, halafu mafuta ya nazi ya vuguvugu, nisugue polepole.

"Kidogo kidogo. Miezi tatu," akasema.

"Wiki tatu," akasema shangazi.

"Miezi, mama."

"Tumeelewa," akajibu shangazi, na mimi nikajua hajaelewa kitu.

Shangazi yangu ndiye aliyekuwa mpishi wa pilau za harusi mtaani kwetu. Mkono wake haukujua kupima kwa watu chini ya mia mbili. Alibandika sufuria la harusini, akamwaga uwatu wote, na kabla ya kuuloweka akaukaanga.

"Usipokaangwa hautoi utamu," akaniambia.

"Shangazi, hiki ni kichwa changu, si nyama!"

"Unataka nywele au unataka maneno?"

Manjano akatia konzi nzima. Mara tatu kwa siku ananipaka, na akimaliza anakwenda kula sambusa mbele yangu, mimi natafuna tango. Yewe! Nilimchukia shangazi yangu, wallahi, na huku nacheka, maana naye alikuwa na manjano mpaka kwenye nyusi.

Wiki ya pili mafuta ya uso yalikwisha kweli. Ila uso wenyewe ulikuwa wa njano. Na ile harufu ya uwatu haikutoka kwa sabuni wala kwa marashi. Baba alikuwa anasimamisha cherehani na kuuliza chakula kiko tayari. Paka wa jirani alinifuata mpaka chooni. Na upaa? Upaa ulikuwa pale pale, umetulia, unanukia pilau.

Siku yenyewe wakaja. Hawajavuka kizingiti wakaanza kusifu, "Maashallah, hapa kumepikwa!" Jikoni hakukuwa na hata chungu motoni. Nilikalishwa mkekani nikiwa nimeuma ulimi nisicheke.

"Huyu mbona wa njano?" akauliza wifi. "Ini lake ni zima?"

Nikaangua kicheko, na wanawake wote wakaangua nacho. Halafu shangazi akaufungua ushungi wangu.

Mama mkwe alikuwa wa kwanza. Aliinama na kidole chake chenye mafuta, akaona. Niliona kwamba ameona. Kisha akalaza kiganja chake chote cha kushoto pale mbele penye upaa, akainua sauti, akaanza kuniombea dua.

Wenzake wakaja mmoja mmoja, wakapaka pembeni mwa vidole vyake. Wifi akafika.

"Mama, toa mkono basi tuone."

"Dua yangu inakuzuia nini wewe? Paka upite."

Nani atakatiza dua? Akaniombea watoto, akawaombea watoto wao, akaombea mvua. Ikaisha akaianza upya. Mkono wake ulikuwa umeanza kunilemea kwa kuchoka, nausikia, na wifi akapaka alipopata, akaenda kukaa.

Walipoketi wote, mama mkwe aliondoa kiganja, akapitisha kidole cha mafuta haraka pale palipobaki pakavu, na kunifunika ushungi kwa mkono wake mwenyewe. Akanusa kiganja.

"Huu uwatu mmeukaanga?" akaninong'oneza.

"Shangazi," nikamjibu.

Akatikisa kichwa, akakaribia sikio langu zaidi.

"Mimi nilipoolewa upaa wangu ulikuwa mara mbili ya huu," akasema. "Na hakuna aliyenifunika."

Nikacheka, nikalia, wanja wote ukanichuruzika kwenye ule uso wa njano.