Chuma kilichobadilika tukinywa chai

Leo kipande cha chuma kimenifanya nionekane mwongo mbele ya karakana nzima.

Kazi yangu ni kuandika vipimo kwenye karakana ya transfoma hapa Nakuru. Bado niko kwenye miezi ya majaribio, kwa hivyo kila namba naisoma mara tatu.

Kweli, tatu.

Asubuhi fundi wetu, Wambui, aliondoa usumaku kwenye kiini cha transfoma ya mteja wa Elburgon. Nikapima papo hapo jinsi kinavyopitisha usumaku: 412. Nikaandika, tukaenda chai.

Tuliporudi, mkubwa wetu, Mzee Kirui, akapima mwenyewe: 396.

"Kijana, namba yako umeitoa wapi? Kwa mandazi?"

Wote wakacheka. Mimi nikaiona barua ya kufutwa kazi ikichapwa.

Wambui hata hakuinua kichwa. "Mzee, hicho kiini ni cha utepe wa aloi, chuma kilichochanganywa. Ukikiondolea usumaku, ndani kinaendelea kutulia polepole, na kipimo kinashuka. Ngoja uone."

Akakiondolea usumaku tena. Nikapima.

412.

Nikadhani sasa nitaombwa msamaha. (Chekeni tu.)

Mzee akaangalia fomu. "Na mbona hukuandika saa?"

Fomu haina mahali pa saa! Aliichora yeye mwenyewe!

Nikajibu, "Samahani, Mzee."

Nimeshinda kando ya hicho kiini nikipima kila dakika tano mpaka kitulie. Chai ya kesho nitainywea hapo hapo.

Hebu niambieni, nani mwingine ameomba msamaha wiki hii akiwa sahihi?